Kikapu cha Elfu Hamsini na Tano: Tulivyomchagua Mbwa Chotara wa Pudeli

Nilipompigia mama simu Wundanyi, Desemba 2022, kumwarifu kwamba tumepata mbwa aina ya kokapuu kwa shilingi 55,000, alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kikapu gani hicho kinachouzwa bei ya ng'ombe. Nilimweleza kwamba kokapuu ni mbwa aliyezaliwa na pudeli, mbwa wa nywele zilizojikunja, na koka spanieli, mbwa wa masikio yanayoning'inia, kwamba nywele zake hazipukutiki ovyo, na kwamba zingehitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hivi. Mama alicheka hadi nikasogeza simu mbali na sikio. Mimi nililelewa katika boma ambamo mbwa walilala nje na kula makoko ya ugali, wala hakuna aliyewahi kuziwaza nywele zao, kwa hiyo kicheko chake nilikielewa. Alipotulia aliuliza, kwa mzaha tu, ni nani basi atakayekuwa akimchana huyo kikapu. Sikuwa na jibu, na baada ya miezi sita nilikuja kugundua kwamba hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu nyumbani mwetu aliyekuwa ameliuliza.

Tunaishi South C, mtaa wa Nairobi, katika nyumba ya ghorofa moja yenye kiwanja kidogo nyuma: mimi, mke wangu, binti yetu aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, mdogo wake wa kiume wa miaka saba, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Binti yetu ana pumu tangu akiwa mdogo. Alikuwa ameomba mbwa kwa miaka miwili mfululizo, na kwa miaka miwili tulimjibu kwamba kifua chake hakitaruhusu, mpaka mke wangu alipoanza kusoma habari za machotara wa pudeli, ambao kila muuzaji alisema hawaleti mzio. Neno hilo lilitulewesha. Tulilirudia mezani, tukawatajia watoto, na mwanamke mwenye busara kama mke wangu akaanza kutafuta majina ya mbwa kabla hatujamuuliza daktari.

Daktari wa kifua alitusimamisha. Alitueleza kwamba kinachomdhuru mwenye mzio si unywele wenyewe, bali protini zilizomo katika mate, mkojo na magamba madogo ya ngozi ya mbwa, na kwamba hakuna mbwa asiyekuwa nazo. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Uholanzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 waliipima mojawapo ya protini hizo, iitwayo Can f 1, wakakuta kwamba haikuwa pungufu katika nywele za mbwa wanaosifiwa kuwa salama kuliko katika za mbwa wengine. Nilisoma pia habari za Wally Conron, aliyesimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona huko Australia, ambaye katika miaka ya 1980 alimtafutia mbwa mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio. Baada ya kujaribu pudeli 33 kwa miaka mitatu bila kumpata anayeifaa kazi ile, alimpandisha mbwa aina ya labrado na pudeli, wakazaliwa watoto watatu. Nywele na mate yao yalipotumwa Hawaii, ni mmoja tu kati ya watatu hao ambaye hakumsumbua yule mume. Kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba machotara wa pudeli hawaleti mzio, lakini mimi nilikisoma mara mbili na kuona kinasema kinyume: watoto wa baba mmoja na mama mmoja, tumbo moja, na wawili kati ya watatu walishindwa.

Kwa ushauri wa daktari, binti yetu alifanyiwa kipimo cha ngozi. Mkono wake ulivimba sana mahali palipowekwa tone la kipimo cha wadudu wa vumbi, na ukavimba kidogo tu palipowekwa la mbwa. Daktari hakutukataza, ila alitoa masharti ambayo tunayafuata hadi leo: mbwa asikanyage chumba cha kulala, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, dawa ya kuvuta isikosekane, na kabla ya kulipa hata senti moja mtoto akae na mbwa yuleyule na wazazi wake, zaidi ya mara moja.

Sharti la mwisho ndilo tulilolivunja kwanza, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeona mtandaoni picha za watoto wanne wa mbwa, rangi ya kahawa yenye maziwa, na muuzaji aliniambia kwamba wawili tayari wamechukuliwa na wa tatu anaulizwa. Nilituma amana ya shilingi 15,000 kwa M-Pesa nikiwa kwenye foleni ya magari Barabara ya Mombasa. Jioni niliwaonyesha watoto picha hizo, na mwanangu wa kiume, ambaye hupenda sana mambo ya umeme, akauliza kwa nini soketi iliyokuwa ukutani nyuma ya wale mbwa ilikuwa na matundu mawili ya duara. Niliikuza picha. Soketi zetu hapa zina matundu matatu ya mstatili. Ile haikuwa ya Nairobi wala ya mji wowote wa Kenya. Nilipiga simu, ikaita mara mbili, kisha haikupatikana tena. Elfu kumi na tano zikaota mbawa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto wa darasa la pili aliitazama picha vizuri kuliko mimi niliyelipa.

Baada ya hapo tuliacha kununua mbuzi kwenye gunia. Tulikwenda kuona kwa macho, Jumamosi baada ya Jumamosi. Katika nyumba ya kwanza, nje kidogo ya jiji, tulionyeshwa watoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni, na tulipoomba kumwona mama yao tukaambiwa yuko shamba. Walidaiwa kuwa na wiki nane, lakini walitembea wakiyumba kama watu walioshuka kwenye meli, na meno yao yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Mtoto wa mbwa hafai kutenganishwa na mamaye kabla ya wiki nane, na mwenye kumficha mama ana sababu ya kumficha. Tuliondoka, binti yangu akilia, nami nikijiona katili.

Tulipita pia KSPCA, kwenye Barabara ya Lang'ata, shirika la kutetea wanyama ambalo limekuwepo tangu mwaka 1910. Huko kuna mbwa wakubwa wanaotafuta makao, na faida yake ni kwamba mbwa mkubwa si wa kubahatisha: urefu wake, nywele zake na tabia yake vyote viko mbele yako. Iwapo nyumbani kwetu kusingekuwa na pumu, pengine habari hii ingeishia hapo. Binti yetu alikohoa alipokaa na mbwa wawili tuliowapenda, na hatukutaka kubahatisha.

Pamba, mbwa wetu, tulimpata Kitengela, kwa familia iliyokuwa na koka spanieli jike ndani ya nyumba. Tuliwatembelea mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili binti yetu alikaa sakafuni na mama mbwa kwa saa nzima, akalambwa mikono na shingo, kisha tukamwangalia usiku kucha, hakukohoa. Tuliomba kumwona na baba, pudeli mdogo aliyeishi kwa watu wengine, na mwenye mbwa huyo akatuonyesha majibu ya kipimo cha vinasaba cha macho. Jambo hili watu wengi hulipuuza, nami nalisisitiza: pudeli na koka spanieli wote wawili wanaweza kubeba ugonjwa uleule wa kurithi unaoua polepole sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, mpaka mbwa anapofuka. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata, hata kama wazazi wenyewe wanaona vizuri. Mzazi mmoja akithibitishwa kuwa hana kabisa, watoto hawataugua. Kwa hiyo ile imani kwamba chotara daima ni mzima kuliko mbwa wa nasaba halisi haina msingi pale ambapo nasaba zote mbili zina kasoro moja. Tuliuliza pia kuhusu magoti, kwa kuwa pudeli wadogo hupata tatizo la kifuniko cha goti kuteleza kutoka mahali pake. Kuhusu karatasi za usajili hatukusumbuka, kwa sababu vilabu vikubwa vya mbwa havimtambui chotara kama aina kamili. Anayekuuzia kokapuu mwenye vyeti vya nasaba na kukuongezea bei kwa ajili hiyo, mwulize vyeti hivyo ni vya nani.

Kati ya watoto watano, nywele zao hazikufanana. Mmoja zilikuwa karibu kunyooka kama za mama, wawili za mawimbi, na wawili zilijikunja kabisa kama za baba. Tulimchagua dume mwenye nywele zilizojikunja kuliko wote, kwa hoja kwamba zinazojikunja ndizo zinazopukutika kidogo. Hoja ilikuwa sahihi. Ambacho hatukukifikiria ni mahali nywele zinapokwenda. Pudeli hupoteza nywele kama mbwa mwingine, ila zilizokatika hazianguki kwenye zulia. Hunaswa na zile zilizobaki, zikajisokota humohumo. Sakafu inabaki safi kwa sababu uchafu wote umebaki kwenye mbwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha, na ya mikojo. Chanjo tulizikamilisha mapema, zikiwemo sindano tatu za kukinga virusi hatari vya parvo na magonjwa mengine, kisha ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu, ambayo hurudiwa kila mwaka. Shule zilipofunguliwa Januari 2023 tulipata pigo la kwanza. Pamba alikuwa amezoea likizo, nyumba imejaa watu, na mbwa wa aina hii hujishikiza kwa watu kama kupe. Siku ya kwanza ya muhula alilia kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipotembelewa jioni na jirani yetu, mzee wa heshima ambaye huswali swala zote tano.

"Baba," aliniambia kwa upole, "huyu mtoto wenu mnamwacha na nani?"

Nilimwomba radhi, nikatumia nafasi hiyo kumwuliza jambo ambalo ningepaswa kumwuliza kabla ya kumleta mbwa: tufanye nini ili asimguse anapotoka kwenda msikitini, maana mate ya mbwa yangemlazimu kujitoharisha upya. Tulikubaliana kwamba Pamba hatatoka bila kamba, na kwamba wakati wa alfajiri na magharibi atabaki nyuma ya nyumba. Hatujawahi kugombana. Suala la kilio lilichukua muda zaidi. Tulimzoesha upweke dakika tano, kisha kumi, kisha nusu saa, na iliwachukua watoto wiki saba za uvumilivu.

Lakini aliyeumia zaidi ni dada yetu wa nyumbani, na hili sijivunii kuliandika. Hakuna aliyemwuliza. Tulileta mbwa kama tunavyoleta jokofu, tukachukulia kwamba atalisafisha. Mwezi wa pili ndipo alipomwambia mke wangu kwamba akiwa mdogo aliumwa na mbwa koko kwao, akachomwa sindano nyingi, na kwamba kila asubuhi tunapofunga mlango yeye huhamia jikoni na kulifunga. Tulikaa kitako naye. Tulimwongezea shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kilichomsaidia zaidi ni kwamba tulimwondolea kabisa kazi ya kumlisha na kumwogesha mbwa, tukamwachia hiari ya kumkaribia au kutomkaribia. Hiari hiyo aliitumia kwa namna ambayo hatukuitarajia: leo Pamba humsikiliza yeye kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Kisha zikaja mvua za masika. Anayeijua South C anaujua ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu, na Pamba aliubeba kwa miguu minne na tumbo. Tulimwogesha kila Jumapili kwa uangalifu mkubwa, tukamkausha kwa taulo, tukapitisha brashi mgongoni hadi akang'aa, tukajiona wazazi bora. Hatukujua mambo mawili. La kwanza, kati ya miezi sita na mwaka mmoja nywele za utotoni hupisha zile za ukubwani, na katika kipindi hicho husokotana kuliko wakati mwingine wowote. La pili, maji hukaza fundo, kama sweta ya sufu inavyogandamana ikifuliwa vibaya, kwa hiyo mbwa huchanwa kabla ya kuogeshwa, si baada yake. Brashi yetu ilikuwa ikipita juu kama ufagio juu ya mkeka, na chini ya mkeka mambo yalikuwa yakiharibika.

Mwishoni mwa Mei tulimpeleka kwa kinyozi wa mbwa, tukitaka apunguzwe kidogo. Kijana yule alichukua kitana cha chuma, akakitia nyuma ya sikio la Pamba, kikakwama. Akakitia kwapani, kikakwama. Akakiweka chini na kuchukua mashine. Nywele zilitoka kwa pande moja, kuanzia shingoni hadi mkiani, zikabaki mezani zimesimama kwa umbo la mgongo kama ngozi ya kondoo iliyochunwa, na upande wa ndani ulikuwa mgumu kama zulia. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, na katika kwapa la kushoto, pale mkanda wa kifuani ulipokuwa ukisugua, kulikuwa na kupe watatu walionenepa kama punje za mahindi. Pamba alijikunyata akitetemeka, nusu ya ukubwa wake wa asubuhi. Binti yangu alitoka nje. Kinyozi hakutulaumu, alitutoza shilingi 3,000 za kazi na 1,000 za mafundo, kisha akatufundisha bila malipo jambo ambalo ningelinunua kwa bei kubwa.

Alitufundisha kuzitenga nywele mstari kwa mstari, kama msusi anavyofanya, hadi ngozi ionekane, kuanzia miguuni kwenda juu. Brashi ya meno membamba hupita kwanza, kisha kitana cha chuma, na kitana kisipopita kutoka kwenye ngozi hadi ncha bila kukwama, kazi haijaisha. Sehemu za hatari ni nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na chini ya mkanda wa shingoni. Masikio yenyewe yana tabu yake, kwani yananing'inia kama ya spanieli na ndani yanaota nywele kama ya pudeli, hivyo unyevu haupati pa kutokea. Ukinusa harufu ya chachu, mwone daktari wa mifugo usije ukatia dawa ya kubahatisha. Yote haya hutuchukua dakika ishirini na tano, siku nne kwa wiki, na zamu imebandikwa kwenye jokofu.

Kupe wale watatu hawakwenda bure. Wiki mbili baadaye Pamba alikataa maini, jambo ambalo halijawahi kutokea tena tangu siku hiyo, akalala pembeni na kutotikisa mkia. Ufizi wake ulikuwa umepauka na tumboni mlikuwa na vidoa vidogo vya zambarau. Damu ilipopimwa, chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka sana: homa ya kupe, ile inayoitwa ehrlichiosis kwa Kiingereza. Alimeza vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28. Pamoja na vipimo na kulazwa usiku mmoja, tulilipa shilingi 18,400. Nairobi haina msimu wa kupumzika kupe, na katika mbwa wa nywele nzito huwezi kuwaona kwa macho; ni lazima vidole vitembee hadi kwenye ngozi. Tangu siku hiyo hupewa kidonge cha kinga kila mwezi, bila kukosa.

Nilijumlisha gharama za mwaka wa kwanza baadaye, mke wangu akiwa amelala, na bila kuhesabu bei ya mbwa wala zile elfu kumi na tano za soketi, zilipita shilingi 133,000. Chakula peke yake kilikuwa 54,000, na kinyozi 24,000. Hajalinda chochote. Kibao cha "Mbwa Kali" kilichoachwa langoni na mpangaji aliyetutangulia bado kipo, na Pamba huwapokea wageni chini yake akiwa chali.

Kifua cha binti yetu hakijazidi kuwa kibaya. Sisemi kwamba mbwa haleti mzio, kwa sababu akimlamba binti usoni, macho ya mtoto hubadilika rangi, naye hukimbilia kunawa. Nasema tu kwamba mbwa huyu, kwa mtoto huyu, kwa masharti yale, wamewezana. Rafiki yake wa darasani mwenye pumu alikaa sebuleni kwetu nusu saa tu, ikabidi apelekwe kibarazani.

Mwezi uliopita mwenzangu kazini aliniambia kwamba naye amepata kokapuu wa kununua, wa nywele zilizojikunja vizuri, na akaomba ushauri. Nilimwalika nyumbani Jumamosi, nikamkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikamwekea Pamba mapajani na kumkabidhi kitana. Alianza na mguu wa nyuma wa kulia, kwa moyo mkunjufu, akinisimulia jina walilomchagulia. Alipofika kwenye mguu wa pili aliuliza ni saa ngapi.